Majina Yaliyoingia Katikati ya Wimbo

Mwaka wa mwisho katika shule ya walimu, pale Kasongo, kila mwanafunzi aliandika kazi ndefu kuhusu desturi za kwao, na bila kazi hiyo hakuna diploma. Mimi niliandika juu ya nyimbo za kupeta mpunga. Ushahidi wangu ulikuwa santuri moja ya shule, ambayo Mzungu mmoja msafiri aliinasa kijijini kwetu, upande wa Kabambare. Sauti iliyomo ni ya mama yangu.

Chini ya ukurasa, pale pa kutaja chanzo, niliandika jina la mama, kisha jina la bibi mmoja aliyempa wimbo ule. Padri aliyetufundisha akayapiga mstari mwekundu yote mawili.

"Juu ya santuri waliandika nini?" akaniuliza.

"Jina ya ule Muzungu, na 'wanawake wa Kabambare'."

"Basi na weye andika vile. Mwenye alinasa ndiye mwenye wimbo."

"Mwenye alinasa hakuimba, padri. Alishika tu mashine."

Nilikuwapo siku ile. Kwetu mwimbaji hajaanza mpaka ajitaje, tena amtaje aliyempa wimbo. Asiyefanya hivyo ni mwizi, na wenzake huweka nyungo chini wakaondoka. Msafiri hakutaka maelezo, alitaka wimbo. Kila mama alipoanza kujitaja, alisimamisha mashine na kumwashiria aruke hapo. Mwishowe mama akakubali, upesi mno kwa mtu ninayemjua mimi. Akaanza na wimbo moja kwa moja, na alipofika katikati akayaingiza majina yote mawili kwa sauti ile ile, wanawake wakaitikia huku wakicheka. Mzungu naye akacheka, amefurahi kweli.

Nikamwomba padri tuiweke santuri kwenye gramafoni. Tukasikiliza. Majina yalipopita nikainua kidole. Alisikia, masikio yake yaligeuka mekundu.

"Sheria ni sheria," akasema. "Futa, ao utarudia mwaka."

Sheria gani hiyo, inayompa wimbo wa kupeta mtu asiyejua hata kushika ungo? Pamba tulilima kwa lazima, barabara tulichimba kwa lazima, sasa na sauti ya mama nayo wachukue? Sikufuta. Kazi ikarudi na sifuri, wenzangu wakaenda kufundisha.

Nilifika nyumbani nikiogopa machozi ya mama, maana diploma ile aliisubiri kuliko mimi. Nilimkuta anapeta. Nikamweleza yote, wala hakusimamisha ungo.

"Na ule bibi mwenye alinipa wimbo, ulimuandika?"

"Nilimuandika, mama."

"Basi," akasema, "rudia mwaka."