Mbuzi Walivyoukagua Ukuta Wangu

Nakiri mwenyewe kabla mke wangu hajaisimulia Bangwe nzima. Mama mkwe alitarajiwa jioni kwa boti kutoka Mwamgongo, na kifua chake hakitaki baridi wala harufu ya rangi. Chumba cha wageni kina madirisha ya nondo yasiyo na vioo, yanayoelekea ziwani. Nikayaziba kwa nje kwa ukuta wa maboksi na majani makavu ya migomba, nikagandisha kwa uji wa muhogo. Sumu hakuna hata chembe.

Ili kupima kama upepo bado unapenya, nilisimama chumbani na chupi tu, daftari mkononi. Mgongo ukapigwa na upepo. Nikaandika: "Upepo kidogo." Nikageuka. Mbuzi watatu walikuwa wanamalizia boksi la mwisho, na nyuma yao mama mkwe, mzigo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Na nguo zako nazo wamekula?"