Shavu Kwenye Fremu ya Mninga

Siku yangu ya kwanza karakanani Buguruni nilifika na cheti cha shule ya jioni mfukoni, nimekipiga pasi mpaka kingeweza kunyolea ndevu. Fundi Mkuu alikitazama, akanirudishia. "Sawa, Msomi. Sasa weka shavu kwenye ubao huu."

Nikaweka. Baridi. Akanipa mwingine, huo haukuwa na baridi.

"Ule wa kwanza una maji ndani," akasema. "Kiganja cha fundi kina sugu, hakisikii kitu. Shavu halidanganyi."

Nilicheka moyoni. Mie niliyesoma mpaka kichwa kikawa kizito kuliko gunia la misumari, nipime mbao kwa mashavu?

Masika hayo tukaitwa Mwananyamala kwa Mama Zuhura, mjane. Maji yalikuwa yamelala ndani kwake siku mbili. Nikisimulia huwa nasema samaki walipiga hodi. Fremu ya mlango wa mbele ilikuwa imevimba chini, msumari unazama kama kwenye ndizi mbivu. Fundi Mkuu akasema tuing'oe.

"Aliiunda marehemu baba yake Zuhura," mama akasema taratibu. "Jumamosi mtoto anaolewa. Nilitaka atoke kwenye mlango wa baba yake."

Fundi Mkuu akanigeukia. "Msomi, lete msumeno."

Tulikata palipooza tu, tena kwa mshazari, ili kipande kipya cha mninga kilalie cha zamani na gundi ipate pa kushika. "Iache wazi ikauke," akaniagiza. "Usiunge mpaka nipime."

Lakini wageni walishaanza kufika, nami nikamwonea mama huruma. Jumatano nikaunga, nikapaka rangi ya mafuta. Iling'aa, ungeweza kujitazamia ukichana nywele.

Alhamisi rangi ilitoka malengelenge, kiungo kimeachia. Mama Zuhura akaketi mkekani. "Basi baba, ing'oeni tu."

"Msomi," Fundi Mkuu akauliza, "uliweka shavu?"

"Sikuweka, mzee."

"Rangi ya mafuta ni mfuniko wa sufuria. Umeyafungia maji ndani. Kwangua yote."

Nikakwangua. Kisha nikapepea jiko la mkaa kwa mbali, polepole kama anayepoza uji wa mtoto, maana moto wa haraka hupasua mbao. Kila baada ya muda, shavu. Ijumaa alasiri baridi ilikwisha, tukaunga upya.

Jumamosi fremu ilikuwa haina rangi, kiraka kinaonekana wazi. Kabla bibi harusi hajatoka, mama yake alisogea, akaegemeza shavu kwenye mbao, akafumba macho.

Nikanong'ona, "Mama naye anapima maji?"

"Nyamaza, Msomi," Fundi Mkuu akasema, akageukia ukutani kufuta miwani.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa kifaa cha kupimia unyevu, kina namba zinazowaka. Kizuri sana, hapa kwangu Chamazi nimeshapima nacho hadi mkate. Ila fremu ya mlango wangu aliiunda Fundi Mkuu, mwaka wake wa mwisho duniani. Hiyo kila asubuhi naiwekea shavu, ingawa najua ilikauka zamani.