Nilivyouza siri ya mdogo wangu kwa shilingi mia kwenye kibanda cha kuchaji simu, Mwamapalala

Wakuu, mwadila. Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya kwetu Simiyu ya kuanzia mchana, nanyi mnaitikia hivyohivyo.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu simu na privacy, mmoja akaandika "mimi sina cha kuficha, wachukue tu data zangu." Nikacheka peke yangu. Sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, kwa mdomo huu, na ilinigharimu. Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho. Nimebadilisha majina kwa sababu wahusika wengine bado tunasalimiana.

Ni miaka ile soko limefunguliwa. Pamba inanunuliwa na kila mwenye mzani, makampuni binafsi yanagombania wakulima, na minara ya simu ndiyo kwanza inaota huku vijijini.

Mimi nilikuwa dalali. Msimu wa pamba nadalalia pamba, nje ya msimu nadalalia ng'ombe. Makazi Mwamapalala.

Simu nilinunua Bariadi mjini, mtumba, ya vitufe. Muuzaji alianza na elfu arobaini na tano, tukaachana kwenye thelathini na mbili, na kifuko cha kuning'iniza shingoni nikapewa juu. Nilitoka pale najiona mjanja sana.

Tatizo likawa umeme. Mwamapalala nzima hakukuwa na waya hata mmoja.

Kulikuwa na Masanja.

Masanja alikuwa na paneli moja ya sola, betri mbili za lori na kibanda cha mabati. Unaacha simu asubuhi, anabandika kipande cha plasta nyuma na kuandika jina lako, jioni unachukua. Chaji moja shilingi mia tatu.

Sasa sikilizeni utaratibu wa pale, maana ndiyo kiini cha uzi huu.

Simu ikiwa kwenye chaji na SMS ikaingia, Masanja anaifungua papo hapo na kuisoma. Kwa sauti. Mbele ya wote waliopo.

Msimwone mbaya. Siku za mwanzo SMS nyingi zilikuwa za msiba au ugonjwa, na wenye simu wengine hawakujua kusoma. Akishasoma, anatafuta mpita njia anayeelekea upande wa mwenye simu, anamtuma: "Mwambie fulani mtoto wake amelazwa hospitali ya wilaya, aende sasa hivi." Kuna mzee mmoja wa Itilima huko ndani alimuwahi mwanawe kwa njia hiyo. Watu walimheshimu Masanja kama posta, ila posta isiyotumia bahasha.

Kikwazo kilikuwa namba ya siri. Simu nyingi zilifika pale zimezimika kwa kuisha chaji. Akiiwasha kuangalia kama imejaa, inamdai namba. Hajui. Inabaki imekufa mpaka mwenyewe arudi, na SMS ya msiba inasubiri hewani.

Hapo ndipo akili yangu ya biashara ikafanya kazi.

Nikamwambia, "Masanja, mimi naiondoa namba ya siri kwenye simu. Simu yangu utaiwasha na kuizima utakavyo, haikusumbui. Nipunguzie mia."

Akafikiri. "Mia nzima?"

"Mia nzima. Mwenye namba alipe mia tatu, asiye na namba mia mbili. Utaona watakavyoziondoa."

Akakubali. Akaandika kwa chaki kwenye bati: YENYE NAMBA 300, ISIYO NA NAMBA 200.

Ndani ya wiki mbili kijiji kizima kilikuwa kimefungua simu zake. Siku moja nilizihesabu pale mezani, nikarudia: simu ishirini na tatu, na zenye namba ni mbili tu. Moja ya mwalimu mkuu, ambaye nadhani alisahau namna ya kuitoa. Nyingine ya nesi wa zahanati.

Nesi nilimtania, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu. Nikamwambia, "Mayu, wewe unalipa mia tatu kuficha nini? Una mchumba Maswa?"

Hata hakucheka. Akasema, "Humu kuna majina ya watu."

"Majina kila mtu anayo."

"Haya. Wewe lipa mia mbili yako."

Nikalipa mia mbili yangu. Mimi nilikuwa na nini cha kuficha? Bei ya ng'ombe? Bei ya ng'ombe naitangaza mnadani kwa kupiga kelele.

Sasa tuje kwa mdogo wangu, Kabula.

Kabula aliolewa Maswa, mtaa wa Nyalikungu. Mume akafariki, akamwacha na watoto watatu na nyumba ya vyumba vinne yenye fremu ya duka kwa mbele. Arobaini haijaisha, ndugu wa marehemu wakaja na neno lao: arithiwe na shemeji yake Shija, au aondoke aiache nyumba ya ukoo.

Kabula akasema harithiwi, yeye si panga-boi la kurithishwa pamoja na nyumba. Na nyumba si ya ukoo, kwa sababu ofa ya kiwanja, ile karatasi ya ofisi ya ardhi, ilikuwa na majina mawili, la marehemu na la kwake. Marehemu alimwandikisha mwenyewe. Mwanaume wa aina hiyo kwetu enzi zile alikuwa adimu, basi tu.

Ile karatasi ndiyo ilikuwa kila kitu. Shauri likapelekwa baraza la kata, wakaambiwa waje Jumatatu, kila mtu na ushahidi wake.

Jumamosi asubuhi niliacha simu kwa Masanja nikaenda kwenye mzani wa pamba. Kama saa sita na nusu Kabula akanitumia SMS. Naikumbuka neno kwa neno, nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda:

"Kaka shikamoo. Karatasi ya kiwanja nimeitoa nyumbani kina Shija wanapekua. Nimeiweka kwa mama Neema fundi cherehani karibu na mashine ya kusaga. Jumatatu naipitia naenda nayo barazani. Usimwambie mtu."

Akazima simu, maana Shija alikuwa anampigia tangu asubuhi.

Saa tisa nikarudi kuchukua simu yangu. Pale kibandani walikuwa watu kama wanane, na wote wakanyamaza nilipofika. Dalali anajua ukimya. Ukifika mahali watu wakanyamaza, ujue bei imebadilika wewe hujaambiwa.

Masanja akanipa simu, uso mkunjufu. "Kaka, usiwe na wasiwasi, hakuna msiba. Dada yako anasema karatasi iko kwa mama Neema fundi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Kwa sauti?"

"Sasa mimi nasomaga vipi?"

"Masanja, mbona imeandikwa usimwambie mtu?"

Akakuna kichwa. "Ngosha, mimi ningejuaje? Hilo neno kaliweka mwisho."

Kweli lilikuwa mwisho.

Nikauliza nani walikuwepo. Wakatajana. Kwenye majina likatoka la Njile, mpakiaji wa marobota, ambaye shangazi yake ameolewa kwenye ule mji wa kina Shija. Njile alikuwa bado yupo, amekaa kwenye tofali, simu yake mkononi, chaji imejaa.

"Njile, umempigia shangazi yako?"

Akasema, "Mimi sijasoma SMS ya mtu. Nimesikia tu."

Nikampigia Kabula, hapatikani. Namba ya mama Neema sina.

Wakuu, palikuwa na jamaa mmoja na pikipiki ya kukodi. Nikamuuliza Nyalikungu shilingi ngapi. Akataja bei ya kijinga kabisa, bei ya kuanzia mazungumzo, alivyozoea kunitajia mimi.

Nikapanda.

Akageuka kunitazama. "Mzee, huombi nipunguze?"

"Washa."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani nimelipa bei ya kwanza. Yule jamaa aliendesha njia nzima kwa wasiwasi, nadhani aliona nimerogwa.

Tukafika kama saa kumi na moja. Mama Neema alikuwa anashona sare za shule. Nilipomuuliza karatasi hakusimamisha hata mguu kwenye cherehani.

"Mbona wameshaichukua? Saa nane ile. Shemeji yake na mzee mmoja, wamekuja kwa heshima zao, wamesema Kabula kawatuma."

"Na wewe ukawapa?"

Hapo ndipo mguu ukasimama. "Baba, walijua iko hapa. Nani mwingine alijua iko hapa kama si mwenyewe kuwaambia?"

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na sijaona kosa lake. Siri yenyewe ndiyo ilikuwa kitambulisho chao.

Kabula nilimkuta uani anachambua mchele. Nikawasalimia watoto, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Sasa wamejuaje?"

Ikabidi nieleze kibanda, plasta, chaki, na bei mbili kwenye bati. Nikaeleza kwamba zile bei mbili nilizitunga mimi.

Akauliza, "Mia?"

"Mia."

"Kwa kila chaji?"

"Kwa kila chaji."

Akarudi kwenye mchele. Akatoa jiwe, akalirusha. Akatoa lingine, akalirusha. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ningetukanwa ningekuwa na la kujibu.

Jumatatu barazani Shija aliulizwa karatasi iko wapi. Akasema, "Karatasi gani?" Mama Neema akasimama kueleza aliyoyaona, yule mzee mwenzake Shija akakana, ikawa neno lake dhidi ya neno lao. Kabula akaambiwa akatafute nakala kwenye ofisi ya ardhi, na mpaka ipatikane nyumba ibaki mikononi mwa ukoo.

Faili lilipatikana baada ya miezi minane.

Miezi hiyo minane Kabula na watoto watatu walikaa chumba kimoja cha kupanga, mlango wa pazia, na mimi nikilipa kodi. Mkubwa, Limi, akarudia darasa. Nakala ilipotoka, majina mawili yalikuwepo kama alivyosema, na baraza likampa nyumba yake.

Nyumba alirudishiwa. Mabati hayakurudi, kina Shija walikuwa wameyang'oa. Alikuta kuta nne na anga.

Mimi nilipiga hesabu, nisingekuwa mimi kama nisingepiga. Tangu siku ya ile discount mpaka Jumamosi ile nilichaji mara ishirini na mbili. Niliokoa shilingi elfu mbili na mia mbili. Nimerudia, ni hizohizo.

Wiki moja tu baada ya Jumamosi ile nilirudisha namba ya siri, nikaenda kwa Masanja na mia tatu mkononi. Akaipokea. Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri simu yake. Akasogea kidogo nipate pa kukaa. Nikakaa.

Wale wengine waliendelea kulipa mia mbili. Nilijaribu kuwaambia, wakaniuliza ninaficha nini siku hizi.

Na sitaki mniambie Masanja alikuwa mtu mbaya. Masanja aliposikia habari ya mabati alikuja mwenyewe Nyalikungu na mabati sita. Kile kilichomwokoa mtoto wa yule mzee ndicho kilichomtoa Kabula kwake. Ubaya ni kwamba wanaotuandikia hawakuulizwa kama wanataka SMS zao zisomwe. Niliyeamua ni mimi, nikajibu kwa niaba ya kila aliyewahi kuniandikia.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya nesi. Ndani ya simu yangu mimi kweli sikuwa na siri. Waliokuwa na siri ni walioniandikia. Unaposema "sina cha kuficha," unagawa vya wenzio, na haki ya mjane kukaa kwake inaweza kuwa humo humo, kati ya bei ya ng'ombe na salamu za sikukuu.

Juzijuzi Limi, sasa ni mama wa watu, kaniletea app ya mikopo kwenye hii simu janja yangu. "Mjomba, bonyeza tu Kubali." Nikavaa miwani nikasoma, nikarudia. Inataka kuona majina yote niliyohifadhi na SMS zote zilizoingia. Nikamuuliza, mama yako yumo humu? Akasema yumo. Nikamrudishia simu aiondoe hiyo app, mkopo nikaukosa, ng'ombe mmoja nikauza kwa bei isiyonifurahisha.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Wewe mwisho kubonyeza Kubali ulipewa nini, na ni cha nani ulichotoa? Wenye kunitukana mtukane pia, nilijiandaa zamani.

Kabula bado yuko Nyalikungu, tunaongea kila Jumapili. SMS hajaniandikia tena tangu siku ile, anapiga. Mwamapalala umeme umeshafika, Masanja aliacha kuchaji simu kitambo, anauza mbolea.

Lakini nikipokea tu, kabla hata ya shikamoo, swali lake ni lilelile.

"Kaka, simu iko mkononi mwako?"