Pumzi ya Tangi

"Hivi mama, shemeji yako hilo lori analitengeneza au analiuguza?"

Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza hivyo, kidevu chake kikiwa juu ya ukuta wa ua wetu. Nilicheka kidogo kumridhisha, maana kweli alikuwa analiuguza. Kila jioni akitoka gereji, mdogo wake marehemu mume wangu alikuja uani kwetu, akavua shati, akafungua boneti ya lile lori kuukuu la petroli, akaliwasha na kulisikiliza, kichwa kimeinama kama anasikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.

Mtaani walimwita Katoto kwa sababu alikuwa jitu la mtu, mlango wowote aliingia ameinama. Zamani alikuwa na utani mwingi. Dereva akimletea gari linalokohoa humwambia, "Hili haliumwi, bwana, lina njaa tu." Utani ule ulikwisha siku tuliyomzika kaka yake.

Lori lilikuwa la mume wangu, Mungu amrehemu. Alibeba nalo mawe ya ujenzi. Lilimzimikia katikati ya mlima wa machimbo likiwa na mzigo, breki zikawa nzito, likarudi kinyumenyume na kupinduka; yeye akafa, lori likavutwa mpaka uani kwetu. Na wiki hiyohiyo Katoto ndiye aliyekuwa ameisafisha kabureta, kile chombo kinachoipa injini petroli na hewa. Basi maneno yakaenea kwamba fundi kamuua kaka yake. Hakuna aliyemwambia usoni isipokuwa mama yao, mama mkwe wangu, niliyekuwa nakaa naye. Alimwambia pale makaburini, "Ni mkono wako huo," na tangu hapo hakuitikia tena salamu yake. Kila jioni shemeji alisimama mlangoni pa chumba chake: "Shikamoo, mama." Mama aligeukia ukutani. Yeye husubiri kidogo, halafu huyo, anakwenda kwenye lori.

Alitaka kujua kama kweli ni mkono wake. Hakulala vizuri, nilimwona anavyokonda.

Aliniambia kwamba injini ya kabureta ikizimika hivi, mara nyingi mafuta yamekwama njiani kutoka kwenye tangi, na fundi lazima aifuate njia yote. Alianza na kazi yake mwenyewe. Akaifungua kabureta juu ya gunia safi, akatazama boya lake, sindano, na vile vitundu vyembamba, akavipuliza kimoja kimoja. Vilikuwa safi. Chujio nalo safi. Akachomoa bomba la pampu, akaniomba nipige starta, na petroli ikaruka kwa nguvu ndani ya chupa. Alipolifunga, lori likanguruma jioni nzima bila kukohoa.

"Limepona!" muuza mkaa akapiga kelele kutoka kwake. "Linaruhusiwa lini kwenda nyumbani?"

"Limepona vipi," shemeji akasema, "na mimi sijajua lilichougua?"

Akanigeukia. "Hapa limesimama tu, shemeji, linakunywa kidogo. Kwenye mlima ndiko linakokunywa sana. Itabidi nilipeleke palepale, na mawe yake."

"Twende wote."

"Wewe baki."

"Na kigogo nyuma ya gurudumu atakiweka nani? Una mikono mingapi?"

Alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi tulipakia mawe. Niliomba kabla hatujaondoka, na amina yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Tulipofika karibu na pale lilipomzimikia mume wangu, injini ikakohoa, ikalegea, ikazima. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili huku anavuta ya mkono. Nikaruka chini na kigogo, nikakisukuma nyuma ya gurudumu.

Akachomoa bomba la pampu. Nikapanda, nikapiga starta. Hata tone halikutoka. Na petroli tulikuwa tumejaza asubuhi ile ile.

Akasimama anafikiri. Kisha akaenda kwenye tangi, akazungusha kifuniko. Nikasikia fyuuu! Hewa inaingia, kama mtoto aliyelia sana anapovuta pumzi.

"Lilikuwa halipumui," akasema taratibu. "Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii kushika nafasi yake. Mwisho pampu inashindwa."

Tukajaribu tena, petroli ikaruka. Akakigeuza kile kifuniko. Ndani, kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa duara safi. "Kila nikijaza petroli nakiona," akasema, "nikadhani ni mpira wake wa siku zote."

Mimi niliujua mkono ule. Mume wangu alikata mpira wa namna hiyo kuziba ndoo yangu iliyovuja, na ndoo hiyo ninayo mpaka leo. Alikuwa analalamika kwamba kwenye mashimo petroli inarukia nje na vumbi linaingia ndani. Alidhani anaokoa.

"Si mkono wako, shemeji," nikamwambia. "Twende tukamwambie mama."

Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, akafunika uso kwa viganja vyenye grisi, na mabega yale makubwa yakawa yanatikisika.

Sasa wametangulia wote wawili, mama na Katoto, ndiyo maana nasimulia. Mama aliitikia "Marahaba" alipokuwa hana tena nguvu za kugeukia ukuta. Aliushika mkono ule ule aliousema makaburini, akalala nao kifuani. Alikufa hajui habari ya kifuniko.

Maana siku ile mlimani, Katoto alipomaliza kulia, aliubandua ule mpira, akautia mfukoni mwa shati, akafunga tangi. Ndipo akaniambia:

"Naomba mama asijue. Mimi nipo, atanuna mpaka achoke, halafu atanisamehe. Kaka hayupo. Usimwambie, shemeji."