Moshi kwenye Akika ya Junda

Nawaambia, lakini msinicheke mno, maana mpaka leo nikipita Junda huushusha mtandio usoni, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni ya maabara: natafuta kwenye moyo vile vipokezi vinavyopokea ujumbe wa neva (viko aina kwa aina, vingine huuhimiza moyo uende mbio, vingine huutuliza), kisha napima jeni za kila aina zinafanya kazi kiasi gani. Sasa, kipande cha moyo kisipogandishwa mara tu mnyama anapochinjwa, kipimo kimeharibika, na mioyo ya machinjioni kila mara hunifikia imechelewa. Basi dada yangu Mwanaisha alikuwa anamfanyia mwanawe wa kwanza akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto mchanga, nami nikajiambia, mbuzi si huyu hapa, ruhusa ya nini, kwani nataka kijipande tu.

Nikaenda na kijisanduku cha barafu kavu chini ya buibui. Mbuzi alipopasuliwa tu nikaunyakua moyo, nikajibanza nyuma ya tangi la maji, nikavaa glavu, nikakata, nikafungua kifuniko (barafu ile ikipata hewa hufuka moshi, nalijua hilo, lakini haraka jamani!), na moshi ukatambaa mpaka uani walikokaa wanawake. Bi Rukia, mama mkwe wa dada, akaja mbio, akanikuta nimechutama, kisu mkononi, moyo wa mbuzi wa mjukuu wake magotini.

"Audhubillahi! Wamfanyiani mtoto wangu?"

Ua mzima ukanizunguka. Nikaanza kueleza vipokezi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mchawi aliyesoma. Bi Rukia akaapa sitamgusa mtoto yule maisha, na wallahi hapo ndipo nilipolia, machozi na kamasi, kwani nilianza kumpenda yungali tumboni.

Mwanaisha akapenya katikati ya watu, akanivua glavu moja moja, akanipa mtoto nimpakate.

"Mama," akamwambia mkwewe, "huyu mjinga tu, si mchawi. Mwangalie anavyomlilia."

Mtoto akanipigia chafya usoni, na wa kwanza kucheka alikuwa Bi Rukia.

Kipande kiliharibika, kwani kijisanduku kilikaa wazi muda wote ule. Nikaapa sichukui tena hata ukucha wa kuku bila kuomba. Na juzi simu ikalia, Bi Rukia huyo:

"Mwanangu, jirani achinja Ijumaa, nimeshakuombea moyo. Njoo na moshi wako, ila safari hii pita mlango wa mbele."