Mapanga Kati ya Maua

Siku watu wa mume wangu walipokuja kwetu kuniomba, akina mama wa nyumbani waliwapokea wakiwa wamevaa mapanga kuanzia shingoni hadi vifundoni. Mapanga hayo niliyachora mwenyewe, kwa kipanya cha kompyuta, huku nikicheka peke yangu kama mwehu.

Lakini kwanza kulikuwa na ua. Kazi yangu mjini Kisumu ni kuchora kwa kompyuta: kadi za harusi, mabango ya vibanda vya samaki, programu za mazishi. Sehemu kubwa ya kazi ni kumng'arisha marehemu kidogo na kutafuta mahali pa kuwapanga wajukuu wote bila mmoja kukatwa kichwa. Basi nilipopata mchumba kutoka Mbita, ng'ambo ya maji kutoka kwetu Luanda Kotieno, na siku ya ayie ikakaribia, yaani siku upande wa mwanamume unapofika kumwomba mama mtu kibali chake, nikaapa kwamba mama yangu na wenzake wanaouza samaki hawatavaa kitambaa cha dukani kilichokwisha kuvaliwa na nusu ya kaunti. Nitawachorea chao.

Ua lenyewe nililiona ukingoni mwa ziwa, nikiwa nimeenda kula samaki. La rangi ya zambarau hafifu, petali sita, na ile ya juu ina doa la njano lililozungukwa na buluu. Nililipiga picha hata kabla sijanawa mikono.

Kwenye kompyuta nilichora petali moja tu. Programu ninayotumia ina namna ya kutengeneza nakala zinazomfuata mama yao. Unachora kitu kimoja, unakiamuru kizunguke kitovu mara sita, na lolote utakalokifanyia kile cha kwanza, vingine vinaliiga papo hapo. Nikavuta nukta moja pembeni mwa petali, kidogo tu, na ua zima likafunguka. Nikairudisha, likafumba. Nikapiga yowe. Jirani yangu wa ofisini, anayeuza vioo vya simu, akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia aje aone. Akaja, nikavuta nukta, naye akapiga yowe lake, tukawa wawili.

Baada ya hapo hakuna aliyeniweza. Nililipindua ua kama kwenye kioo, nikalipanga safu kwa safu, nikafanya duara la maua ndani ya duara la maua. Wateja walipiga simu wakiulizia kadi zao, nami niliwajibu kwa sauti ya mtu mgonjwa.

Nilikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Nilipomwambia mama kwamba nitaolewa Mbita na kuhamia huko huko, aliendelea kugeuza samaki wake kwenye wavu, akasema, "Sawa." Sasa, "sawa" ya mama yangu inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa nipishe hapo nichukue sufuria. Wiki zilipita na hakuongeza neno. Nilitaka afurahi. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka harusi yenyewe, na kwa kuwa sikujua kumwuliza, nikamchorea maua.

Nikampelekea mchoro nyumbani. Akavaa miwani, akainamia kompyuta.

"Ni maridadi," akasema. Moyo ukaniruka. Kisha akainama zaidi. "Hii maua ni ya nini?"

Nikajifanya natafuta chaja.

"Yawa! Si hii ni ile takataka ya ziwa?"

Ndiyo, lilikuwa ua la gugu maji. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, ninayejua fika kwamba upepo ukilileta gugu hilo mashua hazitoki, samaki hawaji na feri inahangaika, niliangalia uzuri wake nikasahau ni nani. Mama aliwaita wenzake. Walikuja wakiwa na magamba ya samaki mikononi, wakatazama, wakaanza kupigana vikumbo kwa kicheko.

"Tumekimbia hii kitu kwa maji, sasa imetufuata mpaka kwa nguo!" akasema mmoja wao.

Mama ndiye hakucheka sana. Nyumbani kwetu kuna hadithi tunayoipenda, ya siku dada yake alipoolewa Mbita na gugu likafunga maji. Mama alishinda ufukweni amevaa viatu vya kisigino, keki ya harusi mapajani, mpaka jioni, kisha akarudi nayo nyumbani. Sisi watoto hucheka tukifika pale kwenye keki, kwa sababu tuliila sisi.

"Nitavaa," mama akasema hatimaye. "Lakini weka panga."

"Panga gani, Mama?"

"Panga hujui? Ya kukata. Weka katikati ya hiyo maua."

"Mama, hii ni ayie. Watu wanakuja kwa amani!"

"Mimi nimesema. Bila panga, sivai."

Nilirudi Kisumu nimenuna njia nzima. Niliona wazi kwamba ile "sawa" ilikuwa hapana, na hapana yenyewe sasa imeshika silaha. Nikafungua kompyuta kwa hasira, nikachora panga moja baya, makusudi, nikaliamuru lizunguke mara sita.

Wacha nikuambie, likawa nyota. Ncha zilizopinda zilifuatana kwa mwendo mmoja, mipini ikakutana katikati, na nyota yote ikaingia kwenye nafasi kati ya maua utadhani nafasi ile ilikuwa ikiisubiri. Nikavuta nukta ya mpini, mapanga yote yakanona. Nikavuta ya ncha, yakacheza. Hasira ilinitoka mara moja, nikabaki na furaha ya kijinga. Nilijiambia hakuna mkwe atakayeyatambua.

Kitambaa kikachapwa mjini, fundi wa Bondo akashona. Fundi yule naye alilipenda duara kubwa la maua, akaliweka kwa kila gauni pale ambapo mtu hukalia. Akina mama walipoyavaa walizungukana kukaguana kwa nyuma mpaka mmoja akaketi chini kwa kucheka, akaambiwa ainuke asiponde maua.

Siku yenyewe upepo ukageuka. Feri tuliiona ikija, kisha tukaiona ikipunguza mwendo, kisha ikasimama, na mbele yake zulia la kijani limefunga maji kutoka huku hadi kule. Wakwe wetu wote walikuwa ndani.

"Ni wewe umeyaita!" akina mama wakanigeukia, na kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, wakaanza kuimba na kucheza pale pale ufukweni.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mchumba wangu, anaongea kwa shida kwa sababu ya kicheko. "Mzee wetu anauliza, hiyo gugu imepanda mpaka nchi kavu, na mbona inacheza?"

Vijana walitoka na mashua, wakakata na kusukuma, na mchana feri ikapita. Wageni wakafika wamekauka koo, wakapewa soda, wakaketi sebuleni. Yule mzee wao, ndiye msemaji, alilitazama gauni la mama yangu.

"Mama, hii maua naijua, imetukalia asubuhi yote," akasema. "Lakini hii ingine. Ni panga, ama ni macho yangu?"

Mimi, niliyekuwa nimeketi pembeni na shangazi, nilitamani kuingia chini ya kochi.

"Ni panga, Mzee," mama akajibu.

"Ni yetu?"

"Hapana. Ni ya njia." Alilaza kiganja chake juu ya goti, juu ya nyota moja. "Dada yangu nilikosa harusi yake juu ya hii takataka. Sasa mnanipelekea mtoto huko huko. Mkae mkijua: ikifunga maji tena, mimi sikai chini na keki. Nitakata mpaka nifike kwake." Akanitazama, mara ya kwanza siku hiyo. "Haya. Nimekubali."

Mzee alipiga makofi, na nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mimi nililia mbele ya watu wote, nikicheka pia, na shangazi akanipa upindo wa gauni lake nijifute machozi.