Simiti Juu ya Chokaa

Kanisa letu la parokia, upande wa Msambweni, lina kuta za matumbawe nene kuliko urefu wa mkono wangu. Mawe yake yalikatwa ufuoni na kushikizwa kwa chokaa iliyochomwa huko huko. Juu ya mlango pana nakshi ya maua ambayo kwa miaka mingi niliwaambia watoto wa katekisimu kuwa ilitoka Ulaya. Ilitoka Munje, kijiji cha jirani. Aliyeichonga kwenye chokaa mbichi alikuwa mwashi Mwislamu, na mwanawe, ambaye sasa ni mzee, aliirithi kazi ya kulitunza kanisa. Kila masika yakiisha alikuja na ndoo yake ya chokaa, akaziba nyufa za nje, akaenda zake kuswali.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mwalimu mstaafu akipewa cheo, Mungu awahurumie walio chini yake. Jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia, nami niliziona aibu zile kuta zenye mabaka. Nilitaka kanisa linalong'aa kama hoteli za Diani, nikaagiza simiti kutoka Ukunda.

Mzee alitukuta tunaichanganya. Alitusalimu mmoja mmoja, akaupapasa ukuta, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, ukuta huu wapumua. Ukiuziba kwa simiti, unyevu hautapata pa kutokea. Utayala mawe."

Nilikasirika. Si kwamba sikumwamini. Nadhani nilimwamini, na ndiyo sababu nilikasirika, maana kamati nzima ilikuwa imesimama pale na mimi nilikuwa nimeshaamua. Nikamjibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mzee, wewe una msikiti wako. Haya ya kanisa tuachie wenyewe."

Mtu mmoja alicheka. Mzee aliinua ndoo yake, akasema haya mwalimu, akatuaga vizuri. Masika yaliyofuata yakaisha bila yeye kuja.

Jubilei ilipendeza. Picha ninazo, na siwezi kuzitazama. Masika ya pili simiti ilianza kuvimba kama chapati. Chumvi nyeupe ikachomoza, vipande vikaanguka, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga wa kuchota kwa kijiko. Sikio la kufa halisikii dawa. Mama yangu aliniimbia hilo tangu utotoni na halikuniingia. Padre alipoona ufa umepanda hadi kwenye tao la altare, alilifunga kanisa, tukawa tunasali nje chini ya turubai. Hakunilaumu. Alisema tu atafutwe mtu anayezijua kuta zile, na sote tulimjua ni nani.

Nilikwenda Munje kichwa chini. Mzee alikuwa barazani, masikio yake yamechoka sana, ikabidi mkewe amrudie kila neno langu kwa sauti kubwa. Kwa hiyo niliomba msaada tu. Nilijiambia kwamba radhi haiombwi kwa kinywa cha mtu mwingine. Alininywesha chai, akaniulizia watoto wangu, na siku ile ya simiti hakuitaja hata kidogo.

Alikuja kesho yake, na kamati yote ilikuwapo. Alizunguka nje akigongagonga kwa mpini wa mwiko, akaagiza simiti yote ibanduliwe na chokaa ichomwe upya. Alisema kuta zitapona, ila zitataka muda. Ikabaki kumwonyesha lile tao la ndani. Alipofika mlangoni, chini ya nakshi ya babake, alisimama.

"Mwalimu, naruhusiwa kuingia, au nikuelekeze nikiwa hapa nje?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa adabu ya mtu aliyekatazwa na aliyelishika katazo hilo. Kamati yote ikanigeukia. Nilijua neno lililonipasa, na nilijua ni kwa sauti gani, kwa kuwa nilishawahi kuitumia pale pale. Nikamsogelea, nikamwambia nisamehe mzee wangu, lakini nililisema chini kwa chini, wenzangu wasije wakasikia.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Wasemaje, mwanangu?"

"Nasema karibu ndani," nikamjibu, na hilo nikalisema kwa sauti.